AKIBA MKABALA NA REJESHO LA ZIADA: ISTILAHI MBILI ZA MKOPO WA NYUMBA

Mfasiri anayekabidhiwa maelezo ya benki hana budi kujua fedha imewekwa wapi, na ni mali ya nani, kabla ya kuitafutia jina. Haja hiyo hudhihirika katika aina moja ya mkopo wa nyumba inayopatikana Uingereza tangu mwisho wa miaka ya 1990. Mkopaji huweka akiba yake katika benki ile ile iliyomkopesha, na riba hutozwa juu ya tofauti iliyopo baina ya deni na akiba. Kwa kawaida akiba hiyo yenyewe haipati riba.

Tuchukue mfano. Mtu amekopa pauni 100,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, muda wa miaka 25. Rejesho lake la kila mwezi ni kama pauni 585. Akiwa na akiba ya pauni 20,000, riba huhesabiwa juu ya pauni 80,000 tu. Iwapo riba haibadiliki, akiba haiguswi, na rejesho linabaki lile lile, sehemu kubwa zaidi ya rejesho hupunguza deni lenyewe, na mkopo humalizika kwa muda wa miaka 20 hivi.

Baadhi ya wafasiri huandika kwamba akiba "inalipa deni" au "inakatwa" katika deni. Tafsiri hizo zapotosha. Akiba hailipi wala haikatwi. Yabaki mali ya mwenyewe, naye aweza kuitoa apatwapo na dharura, ingawa akiitoa riba hupanda tena. Neno "fidia" nalo halifai, kwani hakuna hasara inayofidiwa. Sisi twapendekeza *akiba mkabala*, yaani akiba iliyowekwa kuelekeana na deni bila kuchanganyika nalo.

Kinyume chake ni fedha anayolipa mkopaji kupita kiasi kilichopangwa. Hiyo huingia katika deni moja kwa moja. Pauni 20,000 zikilipwa hivyo, riba hupungua sawasawa na katika mfano wetu wa kwanza, lakini mlipaji hana tena haki ya kuzichukua apendapo. Isitoshe, pale riba ilipofungwa kwa kipindi maalumu, wakopeshaji wengi huruhusu asilimia 10 tu ya deni kwa mwaka. Zaidi ya hapo hutozwa ada ya kulipa mapema. "Malipo ya ziada" huweza kudhaniwa kuwa ni gharama iliyoongezwa na benki, au ujira wa saa za ziada. Kwa hiyo twapendekeza *rejesho la ziada*.

Hali kadhalika, "kupunguza mkopo" ni usemi usiotosha. Baada ya rejesho la ziada, benki yaweza *kupunguza rejesho* la kila mwezi na kuacha muda ulivyo, au *kufupisha muda* na kuacha rejesho lilivyo. Atakaye kumaliza deni mapema huhitaji hilo la pili.

Tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Msomaji aliyeambiwa kwamba akiba na rejesho ni kitu kimoja aweza kuitia benki fedha ya ada ya mtoto, akitumaini kuitoa Januari, asiipate. Wasomaji wenye istilahi zifaazo zaidi wanaombwa watuletee, pamoja na sababu zao.