Chembe Nyeupe za Damu: Ipi Nyingi, Ipi Adimu, Ipi Haisahau

Chota damu mikrolita moja, ujazo mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Humo mna chembe nyekundu kama milioni tano, na nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 tu. Kundi hilo dogo lina mabingwa wa kila namna, na mara nyingi sifa inayoipa chembe ubingwa ndiyo hiyo hiyo inayotuumiza ikipita kiasi au ikitoweka.

Nyingi kuliko zote: nutrofili

Kwa watu wazima wengi, zaidi ya nusu ya chembe nyeupe ni hizi. Uboho hutengeneza zipatazo bilioni 100 kila siku, kwa kuwa hazidumu: nyingi hufa ndani ya siku moja au chache. Jipu likitumbuliwa, usaha unaotoka umejaa mabaki yake, na ile rangi ya kijani inayoonekana wakati mwingine ni ya kimeng'enya ambacho nutrofili hukitumia kuua bakteria. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali akiishiwa nazo, hata homa ndogo ni sababu ya kumkimbiza hospitali usiku huo huo.

Adimu kuliko zote: basofili

Hazifiki asilimia 1. Mtaalamu wa maabara anaweza kuhesabu chembe nyeupe mia moja kwenye hadubini asikutane na basofili hata moja. Pamoja na uchache huo, zimesheheni histamini, kemikali inayoleta chafya, vipele na muwasho wa mzio.

Yenye adui mkubwa kupita zote: eosinofili

Bakteria humezwa, mnyoo hamezeki. Eosinofili humganda na kummwagia sumu. Ndiyo maana zikipanda kwenye majibu ya maabara, daktari wa huku kwetu hufikiria mapema minyoo au kichocho. Mwenye pumu naye anaweza kuwa nazo nyingi, na sumu ile ile iliyokusudiwa mnyoo ikamchubua njia za hewa.

Kubwa kuliko zote: monosaiti

Kipenyo chake hufikia mikromita 20, wakati chembe nyekundu ina 7 au 8. Ikitoka kwenye damu na kuingia kwenye tishu huwa makrofaji, mlaji hodari wa vijidudu. Bakteria wa kifua kikuu anaujua udhaifu wake: hukubali kumezwa, kisha akaishi humo humo ndani.

Yenye kumbukumbu ndefu kuliko zote: limfosaiti

Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, baada ya miaka 65 bila ugonjwa huo. Kati ya wakazi wasiofika 8,000, wapatao 6,000 waliugua. Peter Panum, daktari kijana aliyetumwa kutoka Denmark, alipita kijiji hadi kijiji, akagundua kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa safari hii. Limfosaiti zao zilikuwa bado zinamkumbuka adui.

Ajabu ni kwamba surua hiyo hiyo huua limfosaiti za kumbukumbu. Mtoto anaweza kupona surua, kumbe amepoteza sehemu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine. Chanjo humwepusha na hasara zote mbili.

Inayozaliana haraka kuliko zote: limfosaiti iliyoasi

Katika miaka ya 1950, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari zaidi ya kilomita 15,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali nani ameuona. Ramani waliyoipata ilielekea kufanana na ile ya malaria. Mwaka 1964, chembe za uvimbe zilizotumwa London kutoka Uganda ziliwaonyesha watafiti kirusi cha Epstein-Barr.

Saratani hiyo ya limfosaiti, iitwayo limfoma ya Burkitt, inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili; ni vigumu kupata saratani ya binadamu iliyo na kasi hiyo. Lakini kasi hiyo ndiyo inayoiponza, kwa sababu dawa za saratani hulenga chembe zinazogawanyika. Mtoto akiwahishwa na kumaliza matibabu, ana nafasi nzuri ya kupona kabisa.

Inayotisha bure kuliko zote: nutrofili chache

Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu zao. Bila protini hiyo, vimelea vya malaria aina ya vivax hupata shida kuingia. Hali hiyo pia hupunguza nutrofili zinazohesabika kwenye damu, bila kumwongezea mtu maambukizi. Viwango vinavyotumiwa na maabara nyingi vilitokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mtu mwenye afya yake huko Morogoro au Kisumu anaweza kupewa karatasi inayosema nutrofili zake ziko chini. Kabla ya kuhangaika, aipeleke kwa daktari pamoja na majibu yake ya miaka ya nyuma. Kama namba ni ile ile na haugui ovyo, huenda hicho ndicho kiwango chake halali.