Kufunga Kifua na Upasuaji wa Kuondoa Matiti: Hukmu, Madhara na Wajibu wa Familia

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto wao Dar es Salaam. Huvuka kwa boti, akashukia bandarini, na baada ya muda mfupi yuko Kariakoo anauza duka la nguo au la simu, amepanga chumba na wenzake. Khabari zake nyumbani huzipata kwa simu. Siku moja mzazi anaweza kupata khabari hii: binti yake amekata nywele, anavaa kiume, anafunga kifua ili matiti yasionekane, na anaweka akiba ya fedha ili ayaondoe kwa upasuaji, kwa sababu anajitambua kuwa ni mwanamume.

Makala hii tunamwandikia mzazi huyo. Tutaeleza Maulamaa wamesema nini, kufunga kifua kunaufanya nini mwili, na familia inadaiwa nini. Hukmu ya upasuaji ni jambo moja, na haki ya mtoto kuwa salama ni jambo jingine. Wengi huyachanganya, na hapo ndipo mtoto anapopotea.

Hukmu ya upasuaji

Kwanza tuwatofautishe watu wawili. Yupo khuntha, aliyezaliwa na viungo vya uzazi visivyo wazi kuwa vya kiume au vya kike. Fiqhi imemzungumza tangu zamani, katika mirathi, sala na maziko yake. Watu hawa wapo kwetu Afrika Mashariki: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524. Na yupo yule ambaye mwili wake ni wa kike kamili, lakini nafsini mwake anajiona mwanamume.

Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha Rajab 1409 (Februari 1989), liliamua kuwa khuntha anaruhusiwa kutibiwa kwa kufuata upande uliomzidi, na kwamba mwenye viungo kamili haruhusiwi kufanyiwa upasuaji wa kugeuzwa jinsia. Wanaoshika rai hii hutegemea aya ya 119 ya Suratun-Nisaa kuhusu kubadilisha maumbile, na hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari kuhusu wanaume na wanawake kujifananisha. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Mufti wa Misri Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi aliulizwa juu ya Sally Mursi, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha al-Azhar. Aliruhusu upasuaji pale daktari muaminifu anapothibitisha sababu iliyomo mwilini, si kwa matakwa matupu. Ama katika Shia Ithnaasheri, Ayatullah Khomeini aliruhusu, na Iran upasuaji huo unafanywa kisheria hadi leo. Ndugu zetu wa madhehebu hayo, mjini Dar es Salaam na Unguja, wanawauliza marajii wao.

Kwa walio wengi visiwani, wafuasi wa Imam Shafii, rai inayoshikwa ni ya kuzuia. Lakini tuangalie inazuia nini. Inazungumzia kitendo cha upasuaji. Haisemi kuwa hisia iliyomjia mtu bila ya kuichagua ni dhambi. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, alipomzungumza mwanamume mwenye tabia za kike, alimtenganisha aliyeumbwa hivyo, ambaye hana lawama, na anayejitia kwa makusudi. Basi mzazi asimhukumu mwanawe kwa jambo ambalo Imam mwenyewe alilifanyia upambanuzi.

Kufunga kifua kunaufanya nini mwili

Wanawake wa Pwani wanajua kufunga. Mkaja hufungwa tumboni baada ya uzazi, kwa muda maalumu, na mkono wa mzoefu. Kifua si tumbo. Mbavu lazima zitanuke kwa kila pumzi, na kinachozibana mchana kutwa huzuia pumzi hiyo.

Kariakoo hakukosekani kitu cha kubania: bandeji za kunyumbulika, mikanda ya tumbo, hata tepu za kufungia mizigo. Bandeji na tepu ndizo mbaya zaidi. Bandeji huzidi kukaza kadiri mtu anavyotembea na kupumua, na tepu huchubua ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowauliza watu 1,800 wanaofunga kifua, ulikuta kuwa zaidi ya 97 katika kila 100 wamepata angalau dhara moja: maumivu ya mgongo na kifua, joto kupita kiasi, pumzi fupi, muwasho wa ngozi. Wanaofunga kila siku walikuwa katika hatari zaidi. Ongeza juu yake jua la Dar es Salaam, kubeba mizigo ya duka na kupanda ngazi za maghorofa.

Kanuni inayotambulika ya sharia ni kuwa Muislamu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Kwa hivyo hata familia isiyokubaliana na mtoto wao haina ruhusa ya kuona anajiumiza ikanyamaza. Mwambieni: asitumie bandeji wala tepu, asizidishe saa 8 kwa siku, asilale nacho wala asifanye kazi nzito akiwa amefunga, awe na siku za kupumzika. Sidiria ya michezo inayomtosha, na shati pana juu yake, ni nafuu kuliko bandeji. Akihisi ganzi, kizunguzungu, maumivu makali ya mbavu au kushindwa kuvuta pumzi, afungue na aende hospitali.

Kuhusu ibada: kifua si kiungo cha udhu, kwa hivyo udhu wake ni sahihi. Katika josho la wajibu lazima afungue, maji yafike mwili mzima.

Fedha, dawa na madeni

Upasuaji huu nchi za nje, kama Marekani, hugharimu maelfu ya dola. Muuza duka hana fedha hizo. Hapo ndipo hatari inapoingia. Wapo wanaojidunga testosteroni iliyonunuliwa mkononi bila ya kupimwa damu, na dawa hiyo ikitumiwa ovyo huongeza uzito wa damu na kuhatarisha moyo. Wapo wanaokopa kwenye simu. Riba tunaijua hukmu yake, na juu ya riba kuna fedheha: baadhi ya wakopeshaji hao humtumia ujumbe kila mtu aliyemo kwenye simu ya mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila ya leseni.

Hatari kubwa kuliko zote ni mtu kukubali kupasuliwa kwa bei rahisi pasipo hospitali. Kuvuja damu na kuoza kidonda kunaua. Kijana aliyefukuzwa nyumbani ndiye mwepesi wa kukubali, kwani hana wa kumshauri kabla wala wa kumuuguza baada.

Wajibu wa familia

Kumpiga, kumfungia ndani, kumpeleka kwa mganga au kumuoza kwa nguvu si dawa. Mtume (S.A.W.) alimpa Khansaa bint Khidam haki ya kuivunja ndoa aliyoozwa na babake bila ya ridhaa yake, basi ndoa ya kulazimisha haiwezi kuwa tiba ya kitu.

Msimtangaze. Picha yake isipite kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake, si msimamo wa Serikali. Lakini khofu ilikwishaingia, na mwenye khofu haendi hospitali hata akiumwa. Anayemsitiri Muislamu, Allah humsitiri.

Mpelekeni kwa daktari, akitaka wa kike, Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee au Muhimbili, apimwe mwili na asikilizwe nafsi yake. Akitamka kuwa hataki kuishi, asiachwe peke yake, na msingoje kesho. Suala la dini lipelekeni kwa mwenye elimu, mfano Ofisi ya Mufti, kwa faragha, na yeye mwenyewe awepo asikilizwe.

Na wewe kijana unayesoma haya chumbani Kariakoo: mwili wako ni amana, usiubane mpaka ukauumiza, wala usiuweke mkononi mwa tapeli. Mlango wa msikiti ni wako kama ulivyo wa mwingine.

Mzazi, simu ya leo usiifungue kwa lawama. Muulize amekula nini, analala wapi, anaumwa wapi. Mengine yatazungumzika maadamu bado anapokea simu yako.

Wallahu a'lam.