Prosesa ya seva au ya kazi nzito? Tulienda dukani na mteja wa Kimbo kabla hajalipa

Mteja wetu mmoja wa Kimbo alitupigia simu na swali ambalo huwa tunaulizwa karibu kila siku: nikimtumia muuzaji pesa na kitu kisipokuwa sawa, mtanirudishia? Jibu letu huwa ni lile lile. Ukikosea namba, tuambie haraka na tutajaribu kuizuia pesa kabla haijatolewa. Lakini kama umemlipa yule uliyekusudia kumlipa, na ni bidhaa ndiyo imekuvunja moyo, hiyo sasa ni biashara kati yako na muuzaji. Kwa hivyo maswali yote yaulizwe kabla ya kubonyeza PIN.

Kijana huyu huhariri video za harusi na ruracio. Ana chumba kimoja juu ya duka la hadwea, kando ya barabara ya kwenda Matangi, na alikuwa ameweka akiba ya elfu sitini. Kuna mtu jijini alikuwa amemwambia hivi kwa simu: "Boss, hii si desktop, hii ni seva. Iko na kori ishirini na nane. Hutawahi kungoja tena." Alitakiwa atume deposit ya elfu ishirini jioni hiyo hiyo. Tukamwomba angoje hadi Jumamosi, twende naye.

Mashine iliyokuwa inauzwa ni ya mtumba, zile tunaziita ex-UK: HP Z440 yenye prosesa ya Intel Xeon E5-2680 v4. Zimejaa Nairobi kwa sababu ofisi za Ulaya huzitoa zikifikisha miaka kadhaa. Si mashine mbaya. Shida ni jinsi zinavyouzwa, maana neno Xeon likitajwa mtu anadhani amepata kitu kinachoshinda kila kitu.

Hebu tulieleze kwa lugha ya kazi yetu. Fikiria duka la wakala lenye madirisha kumi na manne, na kila mhudumu anafanya kazi polepole kidogo. Jirani kuna duka lenye madirisha sita, lakini wahudumu wake wana mikono myepesi. Watu mia wakija kila mmoja na shughuli yake ndogo, duka la kwanza litamaliza foleni mapema. Akija mtu mmoja mwenye shughuli moja ndefu isiyoweza kugawanywa, atahudumiwa kwenye dirisha moja tu, na hayo mengine kumi na matatu yatakaa bure. Dirisha ndilo kori. Kasi ya mhudumu ndiyo ile gigahezi inayoandikwa kwenye tangazo.

Prosesa ya seva imetengenezwa kwa ajili ya foleni. Malipo ya simu ni mfano mzuri kabisa: kila muamala ni kazi ndogo, lakini inakuja mingi kwa wakati mmoja, na haifai kusimama hata saa nane za usiku. Wengi hawajui kwamba mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, ilikuwa Ujerumani mpaka Safaricom ilipoihamishia Kenya mwaka 2015. Miaka hiyo yote mtu wa Kimbo akimtumia jirani mia mbili, hesabu ilikuwa inafanyiwa Ulaya kisha inarudi.

Kompyuta ya kazi nzito ni kitu kingine. Hiyo ni ya mtu mmoja aliyekaa mbele yake, mhandisi, mchoraji wa majengo au mhariri wa video, na yeye anataka akibonyeza kitu kijibu papo hapo.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi ukipanda juu kabisa, kwenye prosesa ambazo sisi huziangalia tu kwa macho. Kampuni ya AMD ilitoa EPYC 9654 ya seva mnamo Novemba 2022, na 2023 ikatoa Threadripper PRO 7995WX ya kompyuta za kazi nzito. Zote mbili zina kori 96. Zote zinavuta umeme karibu sawa, wati 360 na 350. Lakini ile ya seva kori zake hufika gigahezi 3.7 zikijitahidi, na hii nyingine hufika 5.1. Seva nayo ina njia 12 za kufikia RAM dhidi ya 8, na unaweza kuweka EPYC mbili kwenye bodi moja, jambo ambalo Threadripper haikubali. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 11,805 kwa ya seva na dola 9,999 kwa ile nyingine. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kenya kwa kipande kinachotosha kiganjani, na bado hujanunua bodi wala RAM.

Turudi kwa elfu zetu sitini.

Jambo la kwanza tulilogundua tulipofika dukani ni kwamba kori hazikuwa 28. E5-2680 v4, ya mwaka 2016, ina kori 14 na nyuzi 28. Nyuzi ni ujanja wa kumfanya mhudumu mmoja ashughulikie wateja wawili kwa kupokezana. Inasaidia, lakini haileti mhudumu wa pili. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: mashine ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua Performance, kisha CPU. Utaona jina kamili la prosesa, na pale chini mstari wa Cores na mwingine wa Logical processors. Wauzaji wengi husoma huo wa pili kwa sauti kubwa.

Jambo la pili, kando yake kulikuwa na Z440 nyingine yenye E5-1650 v4. Hiyo ina kori 6 tu, lakini inaanzia gigahezi 3.6 na kufika 4.0, wakati ile ya kori 14 inaanzia 2.4 na kufika 3.3. Kwenye ukoo huu wa Xeon E5, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuambia mengi. Ikianza na 2, prosesa inaweza kukaa mbili kwenye bodi moja, tabia ya seva. Ikianza na 1, inakaa peke yake, na hizi ndizo zilizowekwa sana kwenye kompyuta za kazi nzito.

Kijana alikuja na flashi yenye video ya ruracio aliyoipiga kwa 4K. Tulimwomba fundi wa duka atumie kadi ya picha ile ile kwenye mashine zote mbili, kwa sababu hizi Xeon hazina picha ndani yake na kadi tofauti ingetudanganya. Fundi alinung'unika kidogo lakini akakubali.

Kwenye mashine ya kori 14, kila alipoburuta video na kuongeza rangi, picha ilikwama kidogo kisha ikaruka. Kwenye ile ya kori 6 ilienda vizuri zaidi, ingawa si maziwa kabisa. Kisha akaekspoti kipande cha dakika nne kwa kutumia prosesa peke yake, na hapo kori 14 zikashinda waziwazi. Hapo tukashindwa kumshauri. Yeye ndiye aliyetoa jibu: "Nikiekspoti mimi huenda kula. Lakini kukata na kupanga ndiko hunikesha."

Kama angekuwa mwanafunzi wa JKUAT anayetaka kuendesha mashine pepe tano kwa pamoja, au anayetengeneza michoro ya 3D kwenye Blender, tungemwambia achukue kori 14 bila kufikiria mara mbili.

Kuna mengine ambayo muuzaji hakuyasema. Mashine hizi hutumia RAM ya seva, aina inayorekebisha makosa yake madogo yenyewe. Inapatikana mtumba kwa bei nafuu, ila ukitoa RAM kwenye desktop ya kawaida na kuichomeka hapa haitafanya kazi. Pia prosesa zote mbili haziko kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama utaingia benki au akaunti yako ya biashara kwenye kompyuta hiyo, hili lina uzito. Na stima je? Mashine nzima ikivuta wati 300 kwa saa nane, hiyo ni yuniti 2.4 kwa siku. Zidisha kwa bei iliyo kwenye meseji yako ya tokeni. Ajabu ni kwamba ile ya kori 6 imeandikiwa wati 140 na ya kori 14 wati 120, kwa hivyo kori chache hazimaanishi bili ndogo.

Ikaja saa ya kulipa, na hapa ndipo tulishtuka. Yule mtu wa kwenye simu hakuwa mwenye duka. Alikuwa broka. Deposit ya elfu ishirini ingeenda kwa namba yake binafsi, na bei ya duka kwa ile ile ya kori 14 ilikuwa elfu hamsini na mbili, si sitini. Mwenye duka alisema anamfahamu kwa sura tu.

Kijana alichukua ya kori 6 kwa elfu arobaini na sita. Alilipa kwa nambari ya till iliyobandikwa kaunta, akasoma jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na likawa ndilo lile lililo kwenye risiti. Tulihakikisha risiti imeandikwa jina kamili la prosesa, namba ya siri ya mashine na waranti ya miezi mitatu. Hapo awali karani alikuwa ameandika "HP computer, 1".

Elfu kumi na nne zilizobaki alizitenga kwa SSD na UPS. Mashine ilipanda matatu ya Thika Road ikiwa imekaliwa kiti chake, na konda akadai nauli ya watu wawili.