Kwa nini walokole wa kwanza walisisitiza kula pamoja

Katika Buganda ya miaka ya 1930, mwanamke aliyekula yai mbele ya wanaume alikuwa akivunja mwiko. Kuku, mayai na nyama ya kondoo vilikuwa vyakula vya wanaume, na msichana alifundishwa hivyo tangu utotoni. Basi wanawake waliojiunga na kundi la Balokole, yaani waliookoka, walipoanza kula vyakula hivyo hadharani, majirani hawakuhitaji mahubiri ili waelewe kwamba jambo jipya limeingia nyumbani. Neno hilo la Kiganda ndilo lililozaa neno “mlokole” katika Kiswahili cha leo, ingawa siku hizi wengi hulitamka kwa mzaha.

Vuguvugu hilo, linalojulikana kama Uamsho wa Afrika Mashariki, huhesabiwa tangu mwaka 1929. Mwaka huo Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mwanglikana wa Buganda, wakasoma Biblia pamoja. Church alikuwa amechoka mwili na roho: Rwanda ilikuwa imekumbwa na njaa kubwa iliyoitwa Rwakayihura, na waliokimbilia Gahini walikuwa wengi kuliko chakula kilichokuwapo.

Huko Rwanda, suala la nani ale na nani lilikuwa zito zaidi. Watu wa tabaka la juu walipendelea kuonekana wakinywa maziwa, na chakula kigumu walikila faraghani. Batwa walikuwa na hali mbaya kupita wote, kwani wengine hawakukubali kushiriki nao chungu wala kikombe. Wafugaji wa Ankole na Kigezi nao walikuwa na miiko yao kuhusu samaki, kuku na kondoo. Kwa hiyo mtu aliyetangaza kwamba ameokoka aliulizwa swali lisilotamkwa: je, utaketi mkekani na huyu, ule anachokula?

Mkutano mkubwa wa Kabale wa mwaka 1935, na mingine iliyofuata, ulilijibu kwa vitendo. Wageni walilazwa na kulishwa nyumbani mwa wenyeji, na pombe ya mtama ikaachwa. Chai na bushera, uji wa mtama usiolewesha, vikachukua nafasi yake. Wako wamisionari waliokubali kuketi na Waafrika mezani na kukiri makosa yao mbele yao, jambo lililowaudhi baadhi ya Wazungu wenzao wa enzi ya ukoloni.

Lakini chakula peke yake hakikutosha. Katika ushirika, yaani kikao cha kila wiki cha ndugu, mtu alitazamiwa kutaja wazi kosa lake, kurudisha alichoiba na kupatana na aliyemkosea. Hapo ndipo udugu ulipopata uzito. Kijana aliyetoka Kigezi kwenda Buganda kutafuta kibarua, asiye na jamaa wala ukoo huko, aliweza kupokelewa na watu asiowajua kwa sababu tu ya salamu na ushuhuda wake. Ndugu walimtafutia hata mchumba.

Udugu huo ulijaribiwa vikali nchini Kenya miaka ya 1950. Kiapo cha Mau Mau kilihusisha nyama na damu ya mbuzi, na kwa waliokula kilikuwa kifungo cha umoja katika kudai ardhi na uhuru. Walokole wengi wa Kikuyu walikataa, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kuongeza nyingine. Wengine waliuawa. Si haki kuwaita vibaraka, maana wako pia waliokataa kubeba bunduki walizopewa na serikali ya kikoloni. Walibaki katikati, wakishukiwa na pande zote mbili.

Kanisa kuu la Murang’a lilijengwa kwa kumbukumbu yao. Ndani yake, mwaka 1959, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu katika Kilimanjaro, alichora michoro mitano ya ukutani. Mmojawapo ni Karamu ya Mwisho, ambamo Yesu na wanafunzi wake ni Waafrika.

Historia hii ina upande mchungu. Rwanda, chimbuko la Uamsho, ndiko mwaka 1994 Wakristo walikowaua Wakristo wenzao, wengine ndani ya majengo ya makanisa. Walikuwapo walokole waliowaficha majirani na kufa nao. Hata hivyo, kwa wengi ukabila ulishinda ushirika. Waliobaki walilazimika kuanza tena na swali lile la Gahini, safari hii kati ya mjane na jirani aliyetoka gerezani: kama mmoja akipika, mwenzake ataingia ndani kula?