Kipato cha Kumleta Ndugu Marekani, na Uzito wa Saini

Kwa viwango vya mwaka 2025, raia wa Marekani anayeishi peke yake na anayetaka kumleta mume, mke au mzazi wake mmoja alitakiwa aonyeshe kipato cha dola 26,437 kwa mwaka. Anayelipwa dola 13 kwa saa, akafanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima, anafikisha dola 27,040. Naanza na hesabu hii kwa sababu wapo watu waliokaa miaka wakiamini kwamba jambo hili ni la wenye mali, wakaacha hata kuuliza. Wapo pia wale ambao shemeji au rafiki wa kanisani aliwaomba "nisaidie saini tu," wakasaini wakidhani ni karatasi ya kukamilisha faili. Wote wamekosea, na kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi.

Kabla ya fedha, sheria inauliza undugu. Raia anaweza kumwombea mwenzi wake wa ndoa, mtoto wake wa umri wowote, mzazi wake, na kaka au dada yake. Kwa wazazi na ndugu wa kuzaliwa, raia huyo lazima awe ametimiza miaka 21. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa mwenzi na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, basi. Babu, bibi, shangazi, mjomba, mama mdogo na binamu hawamo, hata kama ndio waliokulea. Mtoto wa marehemu dada yako uliyemlea tangu akiwa anatambaa si mwanao mbele ya sheria hiyo, isipokuwa umemuasili kihalali kabla hajafikisha miaka 16, akawa chini ya uangalizi wako wa kisheria na akaishi nawe kwa angalau miaka miwili. Mimi naona kipengele hiki kinazionea familia zetu, ambamo mtoto hulelewa na aliye na nafasi. Lakini anayekushauri umwandike mpwa wako kama uliyemzaa mwenyewe anakutia shimoni. Ubalozi ukitilia shaka unaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, na udanganyifu ukithibitika, aliyedanganya anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote.

Undugu ukishathibitika, foleni inategemea aina yake. Mwenzi wa raia, mtoto wake aliye chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, na mzazi wake hawana ukomo wa idadi. Wanasubiri uchakataji wa faili peke yake. Wengine wote wanagawana viza zisizopungua 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na katika hizo kaka na dada wametengewa 65,000. Ndiyo maana anayemwombea dada yake leo ajiandae kusubiri zaidi ya miaka 15. Hapa kuna mitego miwili ninayoomba isomwe kwa makini. Wa kwanza ni harusi: mtoto aliyeombewa na mzazi mwenye kadi ya kijani akifunga ndoa kabla ya viza, ombi lake linakufa, kwa kuwa mwenye kadi hana nafasi ya mtoto mwenye ndoa. Wa pili ni wadogo wa nyumbani. Raia anapomwombea mama yake, mama anakuja peke yake. Watoto wadogo alio nao hawaingii katika faili lake. Itabidi mama apate kwanza kadi ya kijani ndipo awaombee mwenyewe, na huko nyuma lazima awepo wa kuwalea. Familia nyingi huligundua jambo hili mama akiwa ameshaitwa kwenye mahojiano.

Sasa fedha. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1996 sheria iliyomfunga anayemleta ndugu kwa kiapo cha kumtunza, na kiapo hicho ndicho Fomu I-864. Kipimo chake ni mstari wa umaskini unaotangazwa kila mwaka na Wizara ya Afya na Huduma za Jamii: mdhamini, yaani anayesaini fomu hiyo, anatakiwa awe na kipato cha asilimia 125 ya kiwango hicho. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mwenzi au mtoto wake anatakiwa asilimia 100. Alaska na Hawaii zina viwango vya juu zaidi. Mdhamini awe na miaka 18 au zaidi, awe raia au mwenye kadi ya kijani, na makazi yake yawe Marekani. Aliyehamia Doha au Muscat kikazi atalazimika kuthibitisha kwamba makazi yake bado yako Marekani, au kwamba anarudi kuishi huko kabla ya ndugu yake kuingia au pamoja naye.

Wengi hukwama kwenye idadi ya watu wa kaya, maana kiwango hupanda kwa kila kichwa. Anahesabiwa mdhamini, mwenzi wake, watoto wake wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, kila tegemezi aliyeandikwa kwenye ritani yake ya kodi, na wanaoombewa sasa. Kisha wanaongezwa wale aliowasainia zamani ambao kiapo chao bado kina nguvu, hata kama wanajitegemea na hawaonani. Chukua mama mmoja asiye na mume, raia, mwenye watoto wawili, anayehudumia wazee Columbus kwa dola 17 kwa saa. Kwa mwaka anapata dola 35,360. Akitaka kumleta mama yake, kaya ni ya watu wanne, na kiwango cha 2025 kilikuwa dola 40,187. Amepungukiwa dola 4,827. Akitaka na baba yake, wanakuwa watano, dola 47,062. Wapo wanaomshauri amlete mama kwanza na baba mwaka unaofuata ili apunguze idadi, lakini mama aliyekwisha kusainiwa hatoki kwenye hesabu. Kitakachobadilika ni kwamba mama akishakuwa anaishi pale na amepata kazi, kipato chake kinaweza kuunganishwa na cha binti kwa Fomu I-864A.

Kipato kinachopimwa ni cha sasa, kikisindikizwa na ritani ya kodi ya mwaka wa karibuni, fomu za W-2, karatasi za malipo na barua ya mwajiri. Mwaka mbaya uliopita haukuondoi moja kwa moja ikiwa leo una kazi nzuri na ushahidi upo. Wanaopata taabu kubwa ni waliojiajiri. Dereva wa lori anayemiliki gari lake anaweza kuwa ameingiza dola 140,000 kwa mwaka, lakini akishaandika mafuta, matengenezo, bima na uchakavu, ritani inaonyesha faida ya dola 18,000. Ofisa wa viza anaangalia hiyo 18,000. Vivyo hivyo kwa mama anayesuka nywele nyumbani au kupika kwa ajili ya sherehe na kulipwa taslimu: fedha ambayo kodi haikuiona, fomu haiioni. Anayepanga kumleta mtu mwaka kesho kutwa aanze mwaka huu kukaa na mhasibu wake, na atangaze mapato yake yote. Pensheni na malipo ya uzeeni yanahesabiwa. Misaada inayotolewa kwa kigezo cha umaskini, kama ya chakula, haihesabiwi. Na mshahara wa anayekuja, hata awe meneja wa benki Nairobi, hauna uzito ikiwa utakoma siku anapopanda ndege.

Mali inaweza kuziba pengo, ila kwa masharti makali. Lazima iwe inaweza kugeuzwa fedha taslimu ndani ya mwaka mmoja bila kumtia mwenyewe katika dhiki, na thamani yake halisi baada ya kutoa madeni iwe mara tano ya kilichopungua. Kwa mwenzi wa raia, na kwa mtoto wa raia aliyefikisha miaka 18, ni mara tatu. Yule mama wa Columbus aliyepungukiwa dola 4,827 atahitaji mali ya dola 24,135. Inaweza kuwa akiba ya benki, au nyumba yake, au hata mali ya mama yake anayekuja. Kiwanja cha Kibaha au Kitengela kinakubalika kisheria, mradi kuna hati kwa jina lake, tathmini ya mthamini anayetambulika, na uthibitisho kwamba fedha zikipatikana zinaweza kutolewa nje ya nchi. Shamba la ukoo halifai, kwa kuwa hakuna mmoja anayeweza kuliuza.

Mali ikikosekana, kuna mdhamini mwenza. Huyu si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa jirani, mwajiri, au muumini mwenzako, ilimradi ni raia au mwenye kadi ya kijani anayeishi Marekani. Kipato chake hakijumlishwi na chako. Afikishe kiwango kamili peke yake, kwa watu wa kaya yake pamoja na anayekuja. Nawe uliyeomba huondoki: hata kama kipato chako ni sifuri, unajaza na kusaini fomu yako. Wasomaji walio Uingereza wajue kwamba kule mlango huu kwa kawaida haupo. Tangu Aprili 2024 anayemleta mwenzi wake anatakiwa kuonyesha pauni 29,000, kutoka 18,600 za awali, na mjomba mwenye biashara kubwa Leicester hawezi kusaini kwa niaba yake.

Kwa anayeombwa kuwa mdhamini mwenza, haya yafuatayo ndiyo ningependa ayasome mara mbili. I-864 ni mkataba unaotekelezeka mahakamani. Unaahidi kumtunza mgeni kwa asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Akipokea misaada fulani ya serikali inayotolewa kwa kigezo cha kipato, idara iliyoitoa inaweza kukudai. Yeye mwenyewe anaweza kukushtaki. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago iliamua kwamba mke aliyetalikiwa hakuwa na wajibu wa kutafuta kazi ili kumpunguzia mzigo mume aliyemsainia. Talaka haivunji kiapo. Ugomvi wa kifamilia hauvunji kiapo, wala kuhamia jimbo jingine. Kinakoma pale tu aliyeletwa anapokuwa raia, anapofikisha robo-mwaka 40 za kazi zinazohesabiwa, yaani takriban miaka kumi ya ajira, anapoacha hadhi yake na kuondoka nchini moja kwa moja, au mmoja wenu anapofariki. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu hakuna aliyetaja haya mezani kabla ya kalamu kushikwa. Anayeomba saini ndiye anayepaswa kuyasema, bila kungoja aulizwe.

Wako wasiohitaji fomu hii. Mtoto wa raia aliye chini ya miaka 18 ambaye atakuwa raia mara anapoingia kuishi na mzazi wake haihitaji. Na wako wakimbizi, ambao kati yao Wakongo wazungumzao Kiswahili na Warundi ni wengi, waliotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anaweza kumwombea mwenzi na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21 kwa Fomu I-730, bila ada na bila kiwango chochote cha kipato, mradi undugu huo ulikuwepo kabla hajaingia na ombi lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu alipopokelewa. Miaka miwili hiyo hupita upesi kwa mtu anayejifunza lugha na kutafuta kazi ya usiku. Ikipita, anarudishwa kwenye njia ya kawaida, yenye ada na I-864.

Tangu Juni 2025 pia kuna amri za rais zinazosimamisha viza kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi na Somalia zilikuwemo tangu mwanzo, na orodha imeendelea kuongezeka. Kuwa na kipato cha kutosha hakuziondoi amri hizo, kwa hiyo angalia hali ya nchi ya ndugu yako kabla ya kulipa ada yoyote. Ada ya ombi lenyewe la kumleta ndugu, Fomu I-130, imekuwa dola 675 kwa karatasi au 625 kwa mtandao tangu Aprili 2024, na ada hazirudishwi.

Aliyekwisha kusaini I-864 anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji, USCIS, kila anapohama nyumba, kwa Fomu I-865, ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini. Na aliyesaini kisha akaingiwa na mashaka anaweza kujitoa kwa barua, lakini barua hiyo iwe imefika kabla viza haijatolewa.