Hospitali ya serikali ikipewa msimamizi mwingine: kwa nini wafanyakazi wanagawanyika?

Huku kwetu mashariki si ajabu kuona hospitali ya serikali inasimamiwa na kanisa. Bukavu, Hospitali Kuu ya Rejea ya Mkoa ni mali ya serikali, lakini usimamizi ulipewa Jimbo Kuu Katoliki. Panzi ni kinyume: hospitali ni ya kanisa la CEPAC, munganga Denis Mukwege aliianzisha 1999, na inatumika kama hospitali ya rejea. Desturi hii ni ya zamani. Tangu 1981 programu ya SANRU ilisaidia zone za afya za vijijini pamoja na makanisa ya Kiprotestanti.

Mgonjwa anaangalia bei na dawa. Mfanyakazi yeye anaangalia kaisi, na hana makosa.

Mfanyakazi wa hospitali ya serikali anaweza kupata makuta fasi tatu: mshahara wa serikali, prime ya hatari ya serikali, na prime ya hapo hapo inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Wengi hawaoni zile mbili za kwanza. Wamoja wana matrikule lakini mshahara haufiki. Wengine hata matrikule hawana, na zamu ya usiku wanafanya sawa na wenzao. Kwao, prime ya hapo njo chumvi, njo kodi ya nyumba, njo masomo ya watoto. Wagonjwa wakipunguka, nayo inapunguka.

Basi mkataba ukitiwa saini, msimamizi mpya anashika vitu viwili: kaisi na orodha ya wafanyakazi. Muuguzi kijana asiye na matrikule anaweza kufurahi. Anategemea kandarasi ya maandishi, malipo ya tarehe inayojulikana, na dawa kuonekana kwenye famasi. Mzee wa kazi mwenye matrikule anaona vingine. Bosi mpya hawezi kumfuta kazi ya serikali, lakini anaweza kumrudisha mikononi mwa Divisheni ya Afya ya mkoa. Kwenye karatasi anabaki mfanyakazi, prime imekwenda. Na pale watu ni wengi kuliko kazi, kila mmoja anajua orodha itapunguzwa. (Kuna pia wasiwasi unaosemwa kwa sauti ya chini: je, wataniuliza ninasali wapi?)

Nchi zingine zilipitia hayo. Kambodia, kuanzia 1999, serikali ilipatia mashirika usimamizi wa wilaya kadhaa za afya. Pale shirika lilipewa mamlaka yote, mshahara ulipanda, lakini mfanyakazi alipaswa kuacha kwanza kazi ya serikali kwa likizo, tena asitibu watu kwa faida yake pembeni. Fikiria sharti hilo hapa kwetu, ambapo wauguzi wengi wana kaposti kadogo nyumbani!

Kwa hiyo kusema kwamba wafanyakazi wanaogopa mabadiliko tu ni kuwaonea. Wanachouliza ni vitu vya kuandikwa kwenye mkataba: asiye na matrikule atalipwa na nani, prime itagawanywa kwa kipimo gani, nani ana haki ya kumuondoa mtu. Wajumbe wa sendika wangepewa nakala mbele ya saini, kelele nyingi zingepunguka. Kuna na swali lingine lisiloulizwa mara nyingi: msimamizi akiondoka, prime ambazo hazijalipwa zitabaki deni la nani?