Kompyuta ya Maktaba na Barua ya Nyumbani

Mke wa askari aliyepelekwa mbali huenda maktaba ya umma kusoma barua ya mumewe kwenye kompyuta. Je, yafaa akatazwe kwa kuwa hilo si somo? Kwa maoni yangu, haifai. Lakini pasipo kanuni ya muda, aliyewahi asubuhi hukalia kiti hadi jioni.

Lililo gumu zaidi ni kinachotazamwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2000 ilizitaka maktaba zipokeazo misaada fulani ya serikali kuu kwa ajili ya intaneti ziweke kizuizi cha picha chafu, ili kuwalinda watoto. Chama cha wakutubi kilishtaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Baadhi ya majaji walizingatia kwamba mtu mzima aweza kumwomba mkutubi amfungulie. Ila ni wangapi watathubutu kuomba mbele ya jirani? Nacho kizuizi hukosea: chaweza kufunga hata ukurasa wa maradhi ya matiti.

Nawe mama, kabla hujaondoka, funga akaunti yako. Barua ile hutaja kikosi cha mumeo kilipo, na anayengoja kiti humjui.